Kuziba Dirisha la Paa la Gari: Somo la Maji, Joto na Kutu

Katika mji wa Mwanza mvua nyingi hutanguliwa na ngurumo zisikikazo usiku kutoka upande wa ziwani. Mara nyingi kufikia alfajiri mawingu huwa yameifikia nchi kavu, na maji huteremka kwa kasi katika miamba ya Bugando na Mabatini. Mvua inapokatika, mwenye gari kuukuu hufungua mlango na kukuta kiti kimelowa, zulia limejaa maji, na tone baada ya tone likidondoka kutoka pembe ya dari. Kosa limo katika dirisha la paa, yaani kile kioo kilichowekwa katikati ya bati la juu, ambacho mafundi hukiita sanrufu.

Aghalabu gari hilo hupelekwa gereji. Fundi hupaka puti kukizunguka kioo, hupiga msasa, hupaka rangi, na kazi huonekana safi. Mvua mbili tatu za kwanza haziingizi kitu. Lakini baada ya miezi michache ya jua kali, ufa mwembamba kama unywele hutokea pale pale palipozibwa, na maji hurudi. Pengine safari hii huingia mengi kuliko mwanzo.

Kwa nini kizibo kigumu namna ile kishindwe na maji, ambayo ni laini? Jibu halimo katika uhodari wa mkono wa fundi peke yake. Limo katika fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Na mafundi wa mitumbwi katika ufuko wa Ziwa Victoria wamelitumia kwa vizazi vingi bila ya kuliandika katika vitabu.

Dirisha lililotoka nchi za baridi

Wazo la kufungua paa la gari lilizaliwa katika nchi ambazo jua ni mgeni wa miezi michache. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Webasto ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilitengeneza paa za turubai za kukunja. Kampuni ya Nash ya Marekani iliweka paa la kuteleza katika magari yake mwaka 1937. Nchini Japani, gari la Honda Prelude lililotolewa mwaka 1978 lilikuwa na dirisha la paa lililoendeshwa kwa mota ya umeme. Tangu hapo magari mengi ya Kijapani, madogo na makubwa, yaliuzwa yakiwa na dirisha hilo kwa wateja waliolitaka.

Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, kama ilivyo Japani, na hiyo ni sababu moja ya magari yaliyotumika huko kuingia nchini kwa wingi. Dirisha la paa huja pamoja na gari, mnunuzi akilitaka asilitake.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini ya Ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Wakati huo, kila mita mraba ya uso ulio bapa hupokea nishati ya jua ya takriban wati 1,000. Chukua dirisha lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 45. Eneo lake ni mita mraba 0.36, nalo hupokea wati 360. Hata kama kioo chenye rangi nyeusi kitapitisha theluthi moja tu, wati 120 zitaingia juu ya vichwa vya abiria, sawa na nishati ya balbu mbili za wati 60. Katika Ulaya ya Kaskazini joto hilo ni neema. Mwanza ni mzigo. Ndiyo maana wenye magari wengi hawataki tu kuzuia maji, bali hutaka dirisha lenyewe lizibwe moja kwa moja.

Siri ya mfereji

Jambo la kwanza ambalo wenye magari wengi hawalijui ni kwamba dirisha la paa halikuundwa lisiingize maji hata kidogo. Mpira ulio kandokando ya kioo hupunguza maji, lakini hauyazuii yote. Waundaji walilijua hilo, na kwa sababu hiyo waliweka chini ya kioo fremu yenye mfereji unaozunguka pande zote. Katika pembe za mfereji huo kuna matundu, aghalabu manne, na kila tundu limeunganishwa na mrija mwembamba. Mirija ya mbele hupita ndani ya nguzo zinazoshikilia kioo cha mbele, na ile ya nyuma hupita ndani ya nguzo za nyuma. Maji hutokea chini, karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi.

Kwa maneno mengine, mvua inaruhusiwa kuingia mlango wa kwanza, kisha inaonyeshwa njia ya kutokea. Madhali njia hiyo i wazi, abiria hawatajua lolote. Ikizibika, mfereji hujaa kama beseni, na maji humwagikia ndani.

Mwanza haikosi vitu vya kuziba mirija. Kuna vumbi la barabara, kuna majani ya miembe, kuna nyigu wanaojenga kwa udongo katika kila tundu walionalo. Kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani ambao, hasa siku za mwezi mwandamo, huinuka juu ya maji kwa mamilioni kama moshi wa moto wa nyika. Upepo ukiwaleta nchi kavu huanguka juu ya kila kitu. Na mizoga yao ikichanganyika na vumbi huwa tope zito.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Dirisha lifunguliwe, kikombe kimoja cha maji kimiminwe polepole katika kila pembe ya mfereji, na mtu achungulie chini ya gari. Maji yakitokea upesi chini ya kila pembe, mirija ni mizima na kosa liko penginepo. Yasipotokea, huenda dawa ni kuzibua tu, wala hapana haja ya kuziba. Mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki wakubwa, hupenya vizuri katika mirija hiyo bila ya kuitoboa. Upepo wa kompresa usitumiwe kwa nguvu, maana waweza kuuchomoa mrija katika kiungo chake ndani ya nguzo, mahali ambapo hapaonekani, na maji yakaanza kumwagika ndani ya bodi.

Maji kiasi gani?

Mvua ya milimita moja inayonyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Gari likilazwa nje mwaka mzima, dirisha la mita mraba 0.36 litaangukiwa na lita 360. Sehemu kubwa ya maji hayo huteleza juu ya kioo na kwenda zake. Lakini tuseme sehemu moja tu katika ishirini hupita katika ufa: hizo ni lita 18, yaani debe zima la maji ndani ya gari kila mwaka.

Debe hilo haliingii kwa siku moja, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Linaingia kikombe kwa kikombe, hunywewa na zulia na sifongo iliyo chini yake, na hukaa humo siku nyingi likilisha kutu na ukungu bila ya mwenye gari kujua.

Maji yanayopanda

Wengi hudhani kuwa ufa mwembamba ni salama kuliko mpana. Sayansi yasema sivyo daima. Maji yana mvutano katika uso wake, na hupenda kushikamana na kioo na metali safi. Yakikuta nafasi nyembamba kati ya bapa mbili, huvutwa ndani, hata ikibidi kupanda juu. Tabia hiyo huitwa ukapilari, nayo ndiyo ipandishayo mafuta ya taa katika utambi.

Kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba, ndivyo maji yanavyopanda zaidi. Kati ya bapa mbili zilizoachana kwa milimita 5, maji yaweza kupanda milimita 3 tu. Zikiachana kwa nusu milimita, hupanda karibu sentimita 3. Zikiachana kwa sehemu moja katika kumi ya milimita, hupanda karibu sentimita 15. Ufa wa unywele katika puti ni nafasi ya namna hiyo hasa. Unayavuta maji, unayashika, wala jua halifiki ndani kuyakausha. Maji ambayo yangeteleza juu ya paa na kuanguka chini sasa yamepata makao.

Joto la mchana, baridi ya usiku

Ufa huo hutoka wapi? Hutoka katika joto. Vitu vingi vikipata joto hutanuka, na vikipoa husinyaa, lakini havitanuki kwa kiasi kimoja. Kipande cha chuma cha pua chenye urefu wa mita moja hurefuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kioo hurefuka kwa milimita 0.009, na aluminiamu kwa milimita 0.023.

Usiku wa kiangazi, paa la gari Mwanza laweza kupoa hadi nyuzi 18. Mchana, likiwa la rangi nyeusi na limesimama juani, laweza kufikia nyuzi 70. Tofauti ni nyuzi 52. Sasa hesabu ni rahisi. Katika urefu wa sentimita 80, bati la chuma litarefuka kwa milimita 0.50, kioo kwa milimita 0.37, na bamba la aluminiamu kwa milimita 0.96.

Fundi akiziba tundu la paa la chuma kwa bamba la aluminiamu, kila siku kutakuwa na tofauti ya milimita 0.46 kati ya vitu hivyo viwili. Tofauti hiyo ikigawanywa katika ncha mbili, kila kiungo kitabanwa au kuvutwa kwa milimita 0.23. Ni kiasi kidogo, lakini hutokea mchana na usiku, zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa kuliko yote. Kiungo kikiwa na upana wa nusu milimita, kuvutwa kwa milimita 0.23 ni sawa na asilimia 46 ya upana wake. Hakuna puti iwezayo kuvumilia hivyo. Hata mpira utachoka. Lakini kiungo hicho hicho kikipewa upana wa milimita 5 na kujazwa kitu laini, mvuto huo huo wa milimita 0.23 huwa chini ya asilimia 5, na gundi nzuri ya mpira huuvumilia kwa miaka mingi.

Basi kizibo chembamba na kigumu huzuia mwendo, na kwa kuwa mwendo wa joto hauzuiliki, huvunjika. Kizibo kipana na laini huufuata mwendo huo, nacho hudumu.

Fundisho la kalafati

Mtu atembeaye ufukoni Igombe, au katika visiwa vya Ukerewe, ataona jambo hilo hilo likifanywa juu ya mbao. Mtumbwi wa mbao za kuunganisha una maungo marefu tangu omo hadi tezi. Fundi hayazibi kwa kitu kigumu. Huchukua pamba, zao ambalo Usukuma unalijua vizuri, huisokota, na kuishindilia katika kila ungo kwa patasi butu na nyundo. Mabaharia wa pwani huiita kazi hiyo kalafati.

Mbao zikiingia majini hunywa maji na kutanuka, na pamba hubanwa zaidi. Mtumbwi ukikaa nchi kavu muda mrefu, mbao husinyaa, na siku ya kwanza ya kurudishwa majini huvuja hadi mbao zitakapotanuka tena. Fundi hashangai, kwa kuwa alikwisha kuupa ungo nafasi ya kucheza. Lau angeliuziba kwa saruji, ama saruji ingelipasuka, ama ubao ungelipasuka.

Gari haliogelei, na paa lake husogezwa na joto badala ya maji. Lakini kanuni ni moja: anayeziba ungo baina ya vitu viwili hana budi kujua kwanza vitu hivyo husogea kiasi gani.

Kutu iliyofichika

Chuma hupata kutu pale ambapo maji na oksijeni hukutana juu yake. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, na kwa sababu hiyo magari ya Mwanza huliwa polepole kuliko yale ya Dar es Salaam au Unguja, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi. Lakini faida hiyo hupotea maji yanapofungiwa ndani ya bodi, chini ya puti au chini ya zulia. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Ikianza chini ya puti, huisukuma juu kama mzizi unavyoinua sakafu, na mlango wa maji huzidi kupanuka.

Namna nyingine ya kutu hutokea pale metali mbili tofauti zinapogusana penye maji. Ribiti ndogo za aluminiamu zikipigwa katika bati la chuma, maji ya mvua yenye vumbi huwa kama maji ya betri, na umeme hafifu hupita. Aluminiamu ndiyo huliwa kwanza. Kwa kuwa ribiti ni ndogo na bati ni kubwa, ribiti hulegea upesi.

Athari kubwa haiko darini bali sakafuni. Viti vya gari na mikanda ya usalama vimefungwa kwa bolti katika bati la sakafu na sehemu za chini za nguzo. Maji yanayoingia juu hushuka na kutulia hapo hapo. Katika magari mengi viungo vya nyaya za umeme, na pengine kile kifaa kinachoamuru mifuko ya hewa ya usalama ifunguke, viko chini karibu na zulia. Hivyo ufa mdogo wa paani waweza, baada ya miaka, kulegeza kiti siku ambayo abiria anakihitaji kuliko siku zote. Mtu anayeziba paa bila ya kuinua zulia na kukagua sakafu amefanya nusu ya kazi.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kutoziba. Mirija ikizibuliwa, mpira ukibadilishwa, na kioo kikirekebishwa kikae sawa na bati, gari hurudia hali yake. Njia hii haibadilishi chochote kisichoweza kurudishwa, na ndiyo iliyo bora kwa gari ambalo fremu yake ni nzima.

Njia ya pili ni kukigandisha kioo mahali pake. Kioo hufungwa, mpira wa zamani huondolewa, kingo husafishwa hadi pasiwe na mafuta wala vumbi, na nafasi hujazwa gundi ya poliyurethani, ile inayotumiwa kubandikia vioo vya mbele vya magari. Gundi hii hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewa, milimita chache kwa siku, na ikikauka hubaki laini kama mpira. Adui yake ni mwanga wa jua, kwa hiyo uso wake hauna budi kufunikwa kwa rangi. Katika njia hii mirija isizibwe kamwe. Ikiwa siku moja gundi itaachia mahali padogo, mfereji wa zamani utayapokea maji hayo na kuyatoa nje. Fundi anayeimimina gundi hadi ndani ya mfereji ameondoa kinga ya mwisho.

Silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka kama siki, haifai kwa kazi hii. Harufu ile ni ya asidi ya asetiki itokayo inapokauka, na asidi hiyo huuma chuma kisicho na rangi. Tena rangi haishiki juu ya silikoni, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika baadaye. Lami nayo hulainika na kutiririka katika joto la nyuzi 70.

Njia ya tatu ni kuondoa kioo na kuweka bati la chuma mahali pake. Bati liwe la chuma kama paa lenyewe, ili vitanuke pamoja na pasiwe na kutu ya metali mbili. Fremu ya dirisha ikiondolewa, paa hupoteza mbavu zilizolikaza, na bati jipya laweza kulia kama ngoma gari liendapo. Hivyo fundi mzuri huweka ubavu mmoja au miwili chini yake. Mirija isiyo na kazi tena huondolewa au kuzibwa juu na chini, isije ikawa njia ya wadudu na maji.

Bati hilo laweza kuchomelewa au kubandikwa. Kuchomelea kuna ugumu wake. Bati la paa la gari lina unene usiofika milimita moja. Sentimita 10 za bati hilo zikipashwa joto la nyuzi 800 hutaka kurefuka kwa takriban milimita 1, na zikipoa huvuta bati la jirani. Fundi akichomelea mstari mrefu bila ya kupumzika, paa hukunjamana kama karatasi iliyolowa. Aliye hodari huweka matone madogo yaliyoachana, akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kungojea bati lipoe. Baadaye hupaka rangi ya kuzuia kutu juu na ndani pia, kwa kuwa moto umekwisha kuunguza kinga ya zamani.

Je, gundi peke yake yatosha?

Mwanafunzi atauliza kama bati lililobandikwa tu halitang'olewa na upepo. Hesabu itamjibu. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa huenda mita 27.8 kwa sekunde. Mwanza iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na mita moja ya ujazo ya hewa hapo ina takriban kilo 1.03. Kanieneo ya upepo ni nusu ya densiti ikizidishwa kwa mraba wa mwendo, nayo ni karibu paskali 400. Tukichukulia kuwa hewa inayopita juu ya paa hulivuta bati kwa kiasi hicho, basi katika eneo la mita mraba 0.36 kani hiyo ni Niutoni 144, sawa na uzito wa mfuko wa kilo 15.

Tuseme bati limelalia paa kwa ukingo wa sentimita 2 pande zote. Mzingo ni mita 2.5, kwa hiyo eneo la gundi ni milimita mraba 50,000. Gundi dhaifu ihimiliyo Niutoni 1 tu kwa kila milimita mraba itahimili Niutoni 50,000, zaidi ya mara 300 ya kani ya upepo. Upepo basi si adui. Adui ni vumbi, mafuta na kutu chini ya gundi, kwa maana gundi haishiki bati. Hushika kile kilicho juu ya bati. Fundi anayetumia saa mbili kusafisha na dakika kumi kubandika ameigawa kazi yake ipasavyo.

Tahadhari

Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 2000 yana mifuko ya hewa iliyokunjwa kando ya paa, nyuma ya kitambaa cha dari. Mifuko hiyo hujazwa kwa gesi itokayo ghafla kwa kishindo. Kutoboa, kukata au kuchomelea karibu nayo kwaweza kumwumiza fundi vibaya. Kabla ya kazi yoyote ya paa, betri ifunguliwe na watu wangoje dakika kadhaa. Kitambaa cha dari kishushwe. Na mahali pa mifuko pajulikane. Kitambaa hicho na sifongo yake hushika moto upesi, kwa hiyo ndoo ya mchanga na kizimamoto viwe karibu wakati wa kuchomelea.

Majaribio ya darasani

1. Chukua vipande viwili vya kioo vya ukubwa mmoja. Weka njiti ya kiberiti baina yake katika ukingo mmoja, na uache ukingo wa pili ugusane. Vifunge kwa mpira na uvisimamishe katika sahani ya maji yenye rangi. Maji yatapanda zaidi upande upi? Chora umbo la mstari wake.

2. Weka misumari mitatu ya chuma katika bilauri tatu: wa kwanza pakavu, wa pili katika maji, na wa tatu katika maji ukiwa umezungushiwa waya wa aluminiamu ulioparuzwa kwa msasa. Angalia kila siku kwa wiki mbili. Kitu gani kimeliwa katika kila bilauri?

3. Weka kopo lenye pande zilizonyooka uwanjani mvua inaponyesha. Pima kina cha maji kwa milimita, kisha ukokotoe lita zilizoanguka juu ya paa la darasa.

4. Bati la aluminiamu lenye urefu wa mita 1.2 limewekwa katika tundu la bati la chuma. Joto hubadilika kwa nyuzi 50. Kiungo cha kila ncha kiwe na upana gani ili gundi isivutwe zaidi ya asilimia 5?

Jibu la swali la nne litakuwa zaidi ya milimita 6. Mwanafunzi atakayelipata ataweza kumweleza fundi wa jirani kwa nini puti ya mwaka jana ilipasuka. Na fundi wa mitumbwi, akionyeshwa hesabu hiyo, hataona ndani yake jambo geni.